Mkono Uliowapokea Vifaranga

Mikindani, baada ya alasiri

Mwanangu Sharifa,

Sikuulizi hali kwa sababu nakusikia. Uko uani unafunga mizigo, na kila ukivuta kamba unasema "haya, haya," kama mtu anayembembeleza mbuzi asiyetaka kuvuka barabara. Umeshafunga vilishio na vyombo vya maji, umekunja makaratasi magumu utakayozungushia duara la vifaranga, na sasa unagombana na gunia la maranda ambalo halitaki kufungwa mdomo. Kesho asubuhi gari la Kilambo litakupitia urudi kwa mumeo Amade. Mama yako mdogo Fatu ameshaleta godoro lake chumbani kwangu, nisije nikasema nimeachwa peke yangu. Kila kitu kiko tayari isipokuwa mimi.

Sitakuandikia namna ya kulea vifaranga. Unajua kuwasha jiko mapema ili chumba kipate joto kabla hawajafika. Unajua kuwatazama wanavyolala: wakirundikana wanaona baridi, wakikimbilia pembeni joto limezidi, wakitawanyika kama watoto wa shule wakati wa mapumziko, basi wako salama. Unajua chanjo ya kideri na wakati wake. Hayo umeyasoma na kuyauliza, ukayaandika kwa mkaa ukutani mwa stoo mpaka Fatu akakugombeza kwa ajili ya chokaa yake. Mtu aliyejiandaa hivyo hahitaji barua ya mwalimu mstaafu anayeandika kwa kuegemea mto, akipumzika kila baada ya mistari michache.

Nataka kukuandikia kuhusu lile boksi.

Ulipoamua kujaribu kwanza hapa nyumbani kabla ya kurudi kwa Amade, ulikwenda sokoni Chikongola ukarudi na boksi lenye matundu, linalia. Nilidhani utalipeleka moja kwa moja stoo ulikokuandaa. Hukupita huko. Ulikuja nalo kitandani kwangu, ukaliweka juu ya mapaja yangu, juu ya shuka.

"Mama, washike wewe kwanza."

"Kwa nini mimi? Mkono wenyewe unatetemeka."

"Bora huo unaotetemeka. Wangu unaujua."

Ukacheka. Fatu, aliyekuwa amesimama mlangoni na ufagio, naye akacheka. "Washike, dada, usitutie hasara. Huyo ntoto na vifaranga, habari yake si tunaijua?"

Mimi sikucheka, ila hamkuona, kwa sababu mgonjwa akinyamaza watu hudhani amechoka. Jioni ile ile nilikusikia barazani ukizungumza na Amade kwa simu. Ulimwambia banda likikamilika, dada yake ndiye atakayepokea vifaranga na kuwalisha. Wewe utafagia, utachota maji, na kuku wakishakuwa wakubwa utawapeleka sokoni. Sikusikia alichouliza, lakini jibu lako nililisikia vizuri: "Nina mkono mbaya, Amade. Muulize mama."

Mwanaume wa watu amekata miti, amepiga udongo, amekujengea banda wewe, na wewe unataka kuingia humo kama kibarua. Na shahidi uliyempa ni mimi.

Amade hakuniuliza. Angeuliza, sijui ningemjibu nini siku ile. Leo najua, na naandika kabla ujasiri haujanitoka.

Ulikuwa umeanza darasa la kwanza. Mimi nilikuwa nafundisha baiolojia sekondari, na kwa hapa mtaani kwetu nilijiona mtu aliyepewa taa katika nyumba ya watu wanaopapasa. Nakwambia hivyo bila kujipamba, ndivyo nilivyokuwa. Vifaranga wa kisasa bado walikuwa kitu kigeni huku. Nilipowaleta, majirani walikuja kuchungulia kama tumeleta redio mpya. Bibi yako Somoe, mama mzazi wa baba yako, tuliyekuwa tukiishi naye, aliwatazama akasema, "Hawana mama hawa? Basi wana kazi." Mimi nikamjibu kwamba mama yao ni jiko.

Wewe ndiye uliyewatoa kwenye boksi. Mmoja mmoja, kwa mikono miwili, ukiwachovya mdomo kwenye maji kama nilivyokuonyesha ili wajue kunywa. Kila mmoja ulimweka kwanza sikioni. Nilikuuliza unasikiliza nini, ukasema, "Moyo wake unakimbia." Baba yako alisimama nyuma yako, kanzu bado ina harufu ya samaki wa mnadani, akasema, "Mwalimu, huyu atakuwa daktari."

Masika yalikuwa yamekaza. Mkaa wote uliletwa umelowa, ukiuwasha unatoa moshi kisha unalala. Nyuma ya nyumba tulikuwa na magunia ya maganda ya korosho, yaliyobaki baada ya watu kukaanga na kubangua msimu uliopita. Unajua maganda yale yanavyowaka. Ukitia gao moja la mkono jikoni, moto unaruka kama umemwagiwa mafuta, na unakaa. Nikaona nimepata jibu ambalo hakuna aliyelifikiria. Nilijisifu hata kwa walimu wenzangu ofisini kwetu shuleni kwamba sihangaiki na mkaa.

Baba yako alikuja stoo jioni, akakohoa, akafunika pua kwa kofia yake.

"Mwalimu, moshi huu unaniwasha mimi mtu mzima. Hao watoto wako watauweza?"

"Maganda haya yameshakaangwa," nikamwambia. "Mafuta yake yalikwisha motoni. Kawaangalie samaki wako, mambo ya moto niachie mimi."

Akainua mikono kama anayejisalimisha, akaondoka huku akicheka.

Sasa nisikilize, Sharifa. Mimi nimezaliwa Mtwara. Nimekua nikiwaona wanawake wanaobangua korosho wakipaka majivu mikononi, na bado ngozi zao hubabuka kwa mafuta ya ganda. Nilikuwa nawafundisha watoto wa watu kuhusu mafuta hayo. Hakuna mtu aliyepaswa kunikumbusha kwamba kinachobabua mkono kikigeuka moshi hakiwi manukato. Lakini nilikuwa nimeshajisifu, na mtu aliyejisifu hupoteza uwezo wa kunusa.

Asubuhi kulikuwa na upepo wa mvua. Nilijaza maganda jikoni, nikafunga dirisha la stoo, nikasukumia tambara chini ya mlango ili joto lisitoke, nikaenda kazini. Wewe ulirudi kutoka shule kabla yangu, kama kawaida ya darasa la kwanza. Hukuvua hata sare. Ulikimbilia stoo.

Nilipofika uani, watu walikuwa wamejaa, na vifaranga walikuwa wamekufa. Ulikuwa umesimama katikati yao, umeshika kifaranga mmoja kwa mikono miwili, vilevile ulivyofundishwa, na ulikuwa umemweka sikioni.

"Nani aliyewashika wa kwanza kuwatoa kwenye boksi?" bibi yako aliuliza.

"Mimi," ukasema. Ulisema kwa sauti ya mtoto anayedhani ameulizwa swali la darasani.

"Basi." Bibi akapiga viganja vyake. "Ntoto huyu ana nkono wa nuksi. Nilikuwa nalihofu hilo. Vifaranga, mbegu, maziwa, vitu vichanga vyote asivitangulie kuvishika."

Majirani wakaguna kwa kukubali. Unajua mwenyewe watu wetu wanavyochagua mtu mwenye mkono wa heri wa kutia mbegu ya kwanza shambani au kufungua duka jipya. Wakimpata mwenye mkono wa heri, ni lazima wampate na wa upande wa pili. Bibi yako hakuwa mtu mbaya, nataka uliweke hilo akilini. Alisema alichokiamini.

Mimi niliingia stoo. Macho yalianza kuniwasha kabla sijavuka kizingiti. Nikakohoa. Maganda yalikuwa bado yanafuka polepole, na ule moshi mzito, mchungu, ulikuwa umekaa chini, pale pale walipokuwa wanalala. Sikuhitaji kuuliza chochote. Nilijua pale pale, nikiwa nimesimama na mkoba wa shule begani.

Nilifungua dirisha. Nilibeba jiko kwa matambara, nikapita nalo mlango wa nyuma ambako hakukuwa na watu, nikamwaga majivu shimoni na kufukia. Kisha nikarudi uani, na bibi yako akaniambia mbele ya wote, "Umesikia, Mwalimu? Ni nkono wa huyu." Wote wakanitazama, maana mimi ndiye niliyesoma.

Sikusema ndiyo. Kwa miaka mingi nimejifariji kwa hilo, kwamba sikusema ndiyo. Nilisema, "Yamekwisha, watu wakapumzike." Lakini mwalimu wa baiolojia akisikia neno kama lile kuhusu mwanawe akanyamaza, ameshalitia muhuri.

Baadaye nilikukuta bombani. Ulikuwa unasugua viganja kwa mchanga, umekaza meno, machozi yanadondokea kwenye ndoo. Nilikushika mikono nikasema, "Acha, mama, utajichubua." Nikakupaka mafuta ya nazi. Maneno yalikuwa hapo mdomoni: si mikono yako, ni moshi wangu. Maneno machache tu hayo. Sikuyasema. Baba yako alikuwa amesimama mlangoni anatutazama, na alikuwa ameshaona lile jiko limeoshwa na kupinduliwa nyuma ya nyumba. Usiku akaniambia jambo moja tu: "Mwalimu, mtoto huyo."

Nikamjibu, "Atasahau."

Hukusahau. Mdogo wako wa kwa Fatu alipozaliwa, wanawake walizungushiana yule mtoto chumbani, kila mtu akimpakata. Zamu yako ilipofika uliketi ukakalia mikono yako, ukatabasamu, ukasema una mafua. Hukuwa na mafua. Uliolewa, na wakati wa kupika mara ya kwanza nyumbani kwako ulimwita jirani atie chumvi. Tulipopanda mihogo ulichimba mashimo yote, jasho likikutoka, kisha ukasimama pembeni wengine watie vipande. Ikageuka mzaha wa nyumba, nawe mwenyewe ukawa mchekeshaji mkuu. Nilivumilia kila kitu isipokuwa pale ulipoufanya mzaha huo wewe mwenyewe.

Nimejaribu kukwambia. Mara moja tulikuwa Chikongola kununua sare zako za sekondari. Tukakaa kupumzika, nikasema, "Sharifa, kuna jambo." Ukanigeukia na uso mzima. Nikakununulia maji ya miwa. Ulipomaliza nikakununulia tena, na sambusa, na kanga ambayo hukuiomba. Uliniuliza kama nimepata cheo kipya. Nadhani nusu ya zawadi ulizopata kwangu maishani zilikuwa sentensi ile moja ikitafuta njia ya kutoka. Ukitaka kujua kwa nini ulikuwa na viatu vingi kuliko wenzako, ndiyo hiyo.

Bibi yako alipokuwa karibu kufa nilifikiri nitamwambia yeye kwanza, kisha nikasema ni mzee, nisimsumbue. Baba yako alipofariki nilifikiri sasa shahidi ameondoka, hakuna anayejua isipokuwa mimi na Mungu, na badala ya kupumua nikajikuta nimebebeshwa peke yangu mzigo wa watu wawili. Sasa ni zamu yangu kuwa mzee asiyefaa kusumbuliwa, na nakuomba usinipe heshima hiyo.

Kama kuna nililojifunza, si kwamba uongo ni mbaya, hilo tulifundishwa katika chuo cha Kurani tukiwa na meno ya utoto. Nilijifunza kwamba elimu yangu ilinitosha kujua, ila haikunitosha kusema nimekosea mbele ya watu walionitazama kwa macho ya kuniamini. Ningesema siku ile, majirani wangenicheka mpaka mfungo, kisha wangesahau. Vifaranga wa Mwalimu wamekufa kwa moshi wa korosho! Ingekuwa hadithi nzuri sana ya barazani. Badala yake nilikupa wewe uibebe, na wewe hukuwa na mahali pa kuitua.

Kule Kilambo utakosea. Utazidisha joto, utasahau dirisha, utanunua chakula kibovu, na baadhi watakufa, kwa sababu vifaranga hufa hata mikononi mwa waliowazoea. Ikitokea, nusa chumba. Pima maji, tazama jiko, uliza. Usianze na viganja vyako. Na kama kosa ni lako, mwambie Amade siku hiyo hiyo kabla ya chakula. Litakuwa dogo bado.

Sasa nirudi kwenye boksi, kwa sababu kuna jambo la pili, na hili ninaliandika nikitabasamu.

Uliponiwekea boksi mapajani ukaniambia niwashike kwanza, ulinigeuzia mgongo kwenda kuchukua chombo cha maji. Nilifungua kifuniko. Wakaniinulia vichwa wote kwa pamoja, na kelele ile. Nikapeleka mkono, nao ukaanza kutetemeka vibaya, nikaona nitamvunja mmoja shingo. Nikaurudisha. Nikafunika boksi. Ulipogeuka uliniuliza, "Umewashika?" Nikasema, "Nimewashika." Halafu ukawabeba stoo, ukawatoa mmoja mmoja, ukawachovya midomo kwenye maji. Nilikuwa nakusikia kupitia ukutani.

Siku zilizofuata homa ilinilaza, sikutoka kitandani hata kwa kuswali. Kila asubuhi uliniletea kifaranga kitandani, ukiwa umemfunika kwa kanga, ukaniuliza, "Mama, umemgusa wa leo?" Nami nilikuwa nikisinzia, nikasema, "Nimemgusa." Sikupanga jambo, sikuwa na nguvu ya kupanga. Lakini siku moja homa ilipopungua niliamka nikakaa, nikasikia kelele zao zimekuwa nzito, si zile za uchanga, na nikaelewa. Sikuwahi kumshika hata mmoja. Tangu boksi lilipofunguliwa, mikono iliyowagusa ilikuwa yako tu.

Nikanyamaza tena, lakini safari hii kwa ajili yako. Nilitaka waote manyoya ya mabawa, wavuke ule wakati wa hatari, ili mtu yeyote asije akasema ni bahati. Wameshavuka. Sasa wanalala juu ya mgongo wa kiti changu kile cha zamani, wamekichafua kiasi kwamba hakifai tena kurithiwa. Jana mmoja aliingia jikoni akatoka na kipande cha ugali, na Fatu akamfuata mpaka barabarani. Aliyekufa ni mmoja tu, na huyo alikanyagwa na Fatu, ambaye anakiri kwa sauti kila akipita stoo: "Nilikuwa sijavaa miwani, jamani!" Mtazame Fatu. Amesema, tumecheka, ameendelea kupika. Ningejifunza kwa mdogo wangu mapema, ningeishi mwepesi.

Sikuombi unisamehe leo. Una mizigo ya kufunga, na gari la Kilambo halimsubiri mtu anayelia. Ukikasirika, kasirika. Ukikaa kimya mwezi mzima nitajua uko kwako unafikiri, na Kilambo si mbali. Mimi mwenyewe, nakwambia kweli, tangu nilipoandika yale ya moshi nimepumua vizuri kuliko siku zote za homa hii. Fatu amepita akaniuliza kama nimekunywa dawa mpya.

Ninachokuomba ni kimoja. Amade amesema boksi jingine litakufikia huko baada ya wewe kuwasili. Usimwite dada yake. Dada yake awe na kazi zake. Wewe fungua kifuniko, toa wa kwanza, mweke sikioni kama zamani, halafu mchovye mdomo.

Nilifikiri nikutilie barua hii chini ya nguo uikute Kilambo. Kisha nikaona huo ni ujanja wangu ule ule wa kutoka kwa mlango wa nyuma na jiko mkononi. Kwa hiyo nitakupa mkononi, sasa hivi, kabla ya adhana, nawe uisome hapa nikikutazama.

Nimesikia kamba imekatika na umesema neno ambalo sikukufundisha. Acha hilo gunia. Nitakuita. Uje, na unapokuja pitia stoo ukaniletee mmoja, yule mweupe mwenye kelele. Usimfunike kwa kanga. Mlete mikononi mwako, umweke kwenye viganja vyangu, kisha uweke vyako chini ya vyangu visitetemeke. Nataka leo nimshike kwa mara ya kwanza.

Mama yako